Kumaliza ugomvi bila kwenda mahakamani: mwongozo kamili kwa watu wa Mtwara na Lindi

Miaka kadhaa iliyopita niliandika karatasi ya suluhu ya ndugu wawili wa wilaya ya Newala. Kaka alimkopesha mdogo wake pesa za salfa ya kupulizia mikorosho, mdogo akashindwa kulipa, wakafika mahali pa kutosalimiana hata msibani. Tulikaa nao kutwa nzima. Jua linazama wakapeana mikono, na mimi nikaandika: "Atalipa deni lote baada ya msimu."

Malipo ya mnada wa kwanza yalipoingia, kaka akadai chake. Mdogo akasema msimu haujaisha mpaka mnada wa mwisho. Minada ikaisha, akasema mavuno yalikuwa mabaya na karatasi haikutaja msimu wa mwaka gani. Nilipoisoma tena niliona kweli haikutaja. Wakarudi kuwa maadui, safari hii kwa sababu ya sentensi yangu. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye mambo mawili ambayo wengi tunayapita haraka: kumchagua mtu wa kuwakutanisha, na kuiandika karatasi.

Nawaandikia wasiotaka kesi ila hawataki pia kudhulumiwa. Mahakama zetu zina kazi yake, na nitaeleza ni wakati gani uziendee bila kusita. Lakini mtu wa Liwale anayefuata rufaa yake Mahakama Kuu inambidi asafiri mwendo mrefu mpaka mjini, alale huko, aambiwe shauri limeahirishwa, arudi. Nauli imekwenda, shamba limeota magugu, na anayeshtakiana naye bado ni jirani yake.

Maneno mawili ya kuelewa kwanza

Kuna njia ambayo mtu wa kati anawasaidia kuzungumza na nyinyi wenyewe ndio mnaoamua. Katika mwongozo huu nitaiita upatanishi. Mpatanishi hana rungu. Msipokubaliana, kila mtu anarudi na haki zake zote kama alivyokuja.

Njia ya pili ni kumpa mtu wa kati mamlaka ya kuamua, na mkaahidi kwa maandishi kwamba uamuzi wake utawafunga. Hiyo ndiyo inayotawaliwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya mwaka 1931. Watu huchanganyikiwa hapa, na si kosa lao. Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, "usuluhishi" maana yake ni kupatanisha tu, na kukata shauri kunaitwa "uamuzi". Kwenye sheria ya 2020, "usuluhishi" ndio huo wa kukata shauri. Kwa hiyo mtu akikwambia "twende kwenye usuluhishi", muulize swali moja: huyo mzee atatushauri au atatuamulia? Wengi huja kikaoni mmoja akiamini hili na mwenzake akiamini lile.

Je, jambo lenu linafaa?

Deni, mpaka wa shamba, mgawanyo wa samaki kati ya mwenye mashua na mabaharia, mkataba wa kupangisha nyumba, pesa za kikoba, ng'ombe walioingia kwenye ufuta, fundi aliyeacha nyumba bila paa: yote haya yanafaa sana.

Kuna yasiyofaa kabisa. Ubakaji, kulawiti, mtoto aliyeharibiwa, mwanafunzi aliyepewa mimba, kipigo cha kujeruhi, mauaji. Nimeshaona familia zikikaa jamvini kupanga ng'ombe wangapi au laki ngapi zitolewe ili binti anyamaze. Hiyo haiitwi suluhu. Binti hakuulizwa, na aliyemtenda yuko huru kumtenda mwingine. Mzee mwenye heshima zake akialikwa kwenye kikao cha namna hiyo, ainuke aende polisi au ustawi wa jamii.

Haifai pia kusuluhisha biashara ambayo yenyewe haramu. Mtu aliyenunua korosho kwa kangomba, akatoa pesa wakati wa njaa ili achukue mzigo msimu ukifika, anakuja kudai gunia zake kwa wazee. Makubaliano juu ya jambo lililokatazwa na sheria hayawezi kushikiliwa na mahakama yoyote, na karatasi mtakayoandika itakuwa ushahidi dhidi yenu wote wawili.

Migogoro ya kazi ina saa inayokimbia. Aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri kwenye Tume niliyoitaja, na madai mengine ya kazi yana siku 60. Mwajiri akisema "tuyamalize wenyewe, njoo mwezi ujao", kubali mazungumzo lakini fungua shauri lako ndani ya muda.

Mambo ya ndoa nayapita upesi: mahakama haipokei ombi la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, mpaka baraza la usuluhishi wa ndoa lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kikao cha wazee wa pande mbili ni kizuri, ila hakichukui nafasi ya hati ya baraza hilo.

Kuhusu ardhi, mabaraza ya kijiji na ya kata yaliyowekwa na sheria nayo siku hizi yanapatanisha tu. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, wanawake wasiopungua watatu. Baraza la kata lilikuwa likiamua. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo kwenye ardhi, likabaki na kazi ya kupatanisha ndani ya siku 30. Likishindwa linatoa hati, na hati hiyo inatakiwa ukitaka kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda bila hati. Ukimaliza mambo na jirani yako mwenyewe, huhitaji hatua hizo. Lakini zijue, maana ndizo mlango wako mazungumzo yakikwama.

Kumwita mwenzako

Usianze na barua ya wakili. Ikishafika nyumbani kwa mtu, na yeye anatafuta wakili wake, au anatafuta panga. Usianze pia na kundi la simu, ukamtangaza mbele za watu halafu ukamwomba mkae.

Mtume mtu anayeheshimiwa naye, si anayekuheshimu wewe. Aende jioni, asalimie, aulize hali, ndipo aseme: "Mwenzio amenituma. Hataki shari. Anaomba mkae na mtu mnayemwamini nyote wawili, na wewe ndiye utaje majina ya kwanza." Hayo maneno ya mwisho yana kazi kubwa: anayepewa nafasi ya kutaja jina haogopi kwamba ametegewa. Wanaosali kanisani wanaijua njia ya Mathayo 18, kwamba mtu aende kwanza peke yake, kisha na mmoja au wawili, kisha mbele ya kanisa. Mpangilio huo unafaa hata kwa asiye Mkristo.

Akikataa, mwache wiki mbili, mtume mwingine. Akikataa mara ya pili, usimlazimishe. Mtu aliyeburutwa kikaoni atasema "yaishe" ili aondoke, na suluhu hiyo haitafika hata mavuno.

Kumchagua mtu wa kati

Kwetu kusini, wengi hukimbilia kwa mjomba. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umefuata upande wa mama kwa vizazi, na neno la mjomba lina uzito ambao baba mwenyewe hana. Ni hazina hiyo. Lakini mgogoro ukiwa wa mirathi au wa mikorosho ya ukoo, mjomba huyohuyo huenda ni mrithi, au ndiye aliyegawa mashamba mara ya kwanza. Hapo mjomba awe shahidi, aeleze anachokijua, na kiti cha katikati akae mwingine.

Uliza maswali haya kabla ya kumkubali mtu, na uyaulize kwa heshima. Anadaiwa na mmoja wenu? Ameoa au kuozesha upande mmoja? Ana shamba linalopakana na hilo? Aliwahi kutamka nani ana haki kabla hamjakaa? Jibu likiwa ndiyo, si lazima akataliwe, ila lisemwe wazi mbele ya wote na kila upande useme kama bado unamkubali. Kinachoharibu ni kugunduliwa baadaye.

Waislamu wana kielelezo katika Suratun-Nisaa, aya ya 35: mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Ni utaratibu mzuri hata kwa deni la biashara. Kila upande unaleta mtu wake, na hao wawili wanamchagua wa tatu. Shehe, kadhi wa BAKWATA, padri au mzee wa kanisa anafaa mkiwa nyote wa imani hiyo. Tanzania Bara kadhi hana dola nyuma yake, nguvu yake ni ridhaa yenu. Kwa mambo ya bahari, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, nahodha mstaafu au kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kulinda na kusimamia uvuvi wa pwani yao) anajua vifungu vya mgawo kuliko msomi yeyote. Kwa ugomvi wa mwanachama na chama cha msingi cha ushirika, angalia kwanza masharti ya chama chenu. Mambo ya vyama hivyo (AMCOS) yana njia yake inayofika kwa Mrajisi wa Vyama vya Ushirika.

Mgogoro ukimhusu mwanamke, kikao cha wanaume watupu hakitoshi. Nimeshuhudia mjane akinyamaza saa tatu mbele ya wazee watano, kisha akimweleza bibi mmoja jikoni, kwa dakika kumi, mahali hati ya shamba ilipofichwa.

Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa huduma bila malipo, na wengi wana uzoefu wa kupatanisha. Ukimkodi mtu anayefanya kazi hii kama taaluma yake, muulize usajili wake; kanuni za mwaka 2021 zinawataka watu hao wathibitishwe.

Karatasi ya kwanza, kabla ya kikao

Hii watu huiruka. Iwe nusu ukurasa tu. Andikeni: tumekubali kwa hiari yetu kukaa, tunazungumzia jambo hili na hili tu, mtu wa kati ni fulani, atatushauri au atatuamulia, yatakayosemwa kikaoni hayatatumiwa dhidi ya mtu tusipokubaliana, gharama za chakula na nauli tutagawana nusu kwa nusu. Wote watie saini.

Sharti la usiri ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mdaiwa hatasema "kweli nilichukua, ila si milioni mbili" kama anaogopa maneno hayo yatamfuata mahakamani.

Siku ya kikao

Msikae nyumbani kwa mmoja wenu. Darasa la shule siku ya mapumziko, kivuli cha mwembe wa jirani, ukumbi wa kikundi. Msiweke muda unaogongana na swala au ibada. Simu zizimwe. Kama ukoo una mtani mwenye busara, mwalikeni akae karibu; mtani anaweza kumwambia mtu mzima ukweli ambao mtoto wake hathubutu.

Anayelalamika aseme mpaka amalize, bila kukatizwa. Kisha mwenzake. Halafu mpatanishi arudie alichosikia kwa kila mmoja na kuuliza, "Nimekuelewa sawasawa?" Hapo mara nyingi ugomvi wa kweli hujitokeza. Kaka yule wa Newala, tulipomrudia alichokisema, alisema pesa haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mdogo wake alinunua pikipiki na hakumwambia.

Hasira zikipanda, watenganisheni. Mpatanishi azungumze na kila upande faragha, na asipeleke neno upande wa pili bila ruhusa ya aliyelisema.

Mgogoro wa mpaka hauishi mkiwa mmekaa. Nendeni shambani asubuhi kabla ya jua kali, wadaawa wote wawili mbele, wazee nyuma. Katika shamba moja la Tandahimba tulitembea mpaka kwenye kisiki cha mkorosho kilichokuwa kimefunikwa na majani. Bibi mmoja akasimama, akakigusa kwa fimbo, akasema mkorosho ule ulipandwa na shemeji yake na yeye ndiye alikuwa akiokota korosho upande wa magharibi. Mabishano ya miaka minne yakaisha hapo, kwa sababu wote wawili walikuwepo na walisikia. Tulipanda minyaa siku ileile. Usiache kupanda alama kwa ahadi ya "wiki ijayo".

Kabla ya kufunga, ogopeni sana neno "yaishe". Mara nyingi husemwa kwa kuchoka, kwa njaa, au kwa kuwaonea haya wazee. Mpatanishi amuulize aliyelisema: "Yaishe vipi? Taja kiasi, taja siku." Akishindwa kutaja, bado hajakubali. Ahirisheni.

Hati ya makubaliano

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inaagiza deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana.

Andikeni kwa Kiswahili chepesi. Mfano wa deni:

*"Sisi, (jina kamili) wa kitongoji cha ____, kijiji cha ____, mdai, na (jina kamili) wa ____, mdaiwa, leo tarehe ____ tumekubaliana kwa hiari yetu, bila kulazimishwa na mtu, kama ifuatavyo. Mdaiwa anakiri kudaiwa shilingi 1,200,000 (milioni moja na laki mbili) alizokopa tarehe ____. Atalipa shilingi 700,000 ifikapo tarehe 30 Novemba 2026 na shilingi 500,000 ifikapo tarehe 31 Januari 2027, kwa kutuma kwenye namba ya simu ____ iliyosajiliwa kwa jina la mdai. Asipolipa awamu yoyote ndani ya siku 14 baada ya tarehe yake, deni lote lililobaki litadaiwa mara moja na mdai atakuwa huru kwenda mahakamani na hati hii. Akilipa lote, mdai hatakuwa na dai lingine kuhusu mkopo huu."*

Angalia kilichomo. Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe ya kalenda, si "baada ya msimu", si "mvua zikikatika". Njia ya kulipa inayoacha alama. Na neno "anakiri": kukiri deni kwa maandishi yenye saini huanzisha upya hesabu ya muda wa kudai mahakamani, nalo ni jambo kubwa kwa mdai.

Hati ya mpaka iwe na mchoro, hata wa mkono, unaoonyesha barabara, miti na umbali kwa hatua au mita. Kama suluhu inamhamishia mtu ardhi ya kijiji, si kunyoosha mpaka tu, Halmashauri ya Kijiji lazima iidhinishe. Mke au mume wa anayeachia nyumba au shamba la familia atie saini naye. Suluhu nyingi zimevunjwa na mwenza ambaye hakuwahi kuulizwa. Mikorosho ikiwekwa rehani, andikeni idadi ya miti, nani atapalilia, nani atapulizia dawa, nani atavuna, na rehani inaisha lini.

Isomwe kwa sauti yote kabla ya saini. Asiyejua kusoma aweke dole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake pembeni. Mashahidi wawili kila upande, nakala tatu: moja kwa kila mmoja na ya tatu kwa mpatanishi. Kila kurasa itiwe saini ndogo chini. Kwa mambo ya thamani kubwa, mpelekeeni wakili aithibitishe, na lipeni ushuru wa stempu. Hati isiyolipiwa huzuiwa isipokewe kama ushahidi mpaka ilipiwe.

Kama tayari mna kesi mahakamani mkapatana nje, usiende tu kuifuta. Wasilisheni hati yenu kwa hakimu na kuomba irekodiwe. Ikisharekodiwa inakuwa na nguvu ya hukumu, na asiyetii anakaziwa hukumu bila kesi mpya.

Mnapotaka uamuzi unaofunga

Kwa wafanyabiashara wanaouziana vifaa, wenye malori, wakandarasi na wazabuni wanaohudumia bandari, gesi na saruji huku Mtwara, upatanishi pekee huenda usitoshe. Wekeni kifungu kwenye mkataba mapema, mkiwa bado marafiki:

*"Mgogoro wowote kuhusu mkataba huu utazungumzwa kwanza na pande zote kwa siku 21. Usipoisha, utaamuliwa na msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote; zisipokubaliana ndani ya siku 14, atateuliwa na ____. Usuluhishi utafanyika Mtwara, kwa Kiswahili, chini ya Sheria ya Usuluhishi, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho."*

Pale penye nafasi jazeni taasisi mnayoiamini, na iulizeni kwanza kama inateua na kwa ada gani. Bila jina hapo, mkorofi atakataa kila msuluhishi mpaka uchoke. Mwenzako akikimbilia mahakamani licha ya kifungu hicho, iombe mahakama isimamishe shauri kabla hujajibu madai yenyewe. Uamuzi wa msuluhishi, unaoitwa tuzo, hutekelezwa kama hukumu kwa ruhusa ya mahakama, na sababu za kuupinga ni chache: msuluhishi hakuwa na mamlaka, au utaratibu ulikiukwa vibaya, na mengine machache ya kisheria. Fikirini gharama. Msuluhishi wa kulipwa kwa deni la laki tatu ni hasara tupu. Hilo lipelekeni kwa wazee.

Akivunja ahadi

Siku ya kwanza baada ya tarehe kupita, mjulishe mpatanishi, aende yeye. Mara nyingi kuna ugonjwa au msiba, na mnaweza kuandika nyongeza yenye tarehe mpya, iliyotiwa saini na walewale. Nyongeza ya mdomo usiikubali.

Zikipita siku 14 kimya, chukua nakala yako uende Mahakama ya Mwanzo au mahakama inayohusika kwa thamani ya dai. Hutaanza kuthibitisha mkopo wa zamani. Utathibitisha makubaliano yaliyosainiwa mbele ya watu wanne. Usilale sana. Madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6 na ya ardhi miaka 12, na mazungumzo ya wazee peke yake hayasimamishi saa hiyo.

Akilipa, mpe maandishi siku hiyohiyo: "Nimepokea shilingi 500,000, deni limekwisha," na saini, na mrudishie alichoweka rehani mbele ya mashahidi walewale. Ndugu wale wa Newala tuliwaandikia karatasi ya pili, ikiwa na tarehe. Mdogo alimaliza kulipa siku tatu kabla, na kaka alikuja kwangu na nakala zote mbili mkononi, akiomba ile ya kwanza tuichane.